Barua Tatu kwa Marehemu

Sehemu ya Tisa

Zilikuwa zimesomwa!

Hapo ndipo tulipomwacha Bi Kanuni wiki iliyopita, na kama chai yako ilipoa ukiwaza, pole, hata yake ilipoa. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha nyumba ya wageni, kompyuta mapajani, ndani ya sanduku la barua pepe la baba yake mzazi, Mzee Waya, aliyezikwa mwaka jana. Barua tatu za Rejista ya Namba alizikuta humo. Ila hazikuwa na ile rangi nzito ya barua ambayo haijaguswa. Mtu alizifungua moja moja, akazisoma, akanyamaza.

Marehemu hasomi barua. Hilo hata mimi nalijua.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, ngoja nimshike mkono avuke. Kila mashine iliyo kwenye mtandao lazima iwe na namba yake, kama nyumba inavyokuwa na namba ili mgeni asibishe hodi kwa jirani. Namba za zamani zimekwisha duniani, tunakwangua ukoko. Rejista ndiyo inayozitunza, lakini sheria za nani apewe na nani anyang'anywe haizitungi yenyewe wala serikali. Zinatungwa na watu wenyewe, mafundi na wenye mitandao, wanaokutana ukumbini mara mbili kwa mwaka na kubishana mpaka waafikiane.

Mzee Waya alipewa namba elfu moja na ishirini na nne, enzi zile zilipokuwa zinagawiwa kama peremende. Akaunganisha nazo zahanati kumi na moja na hospitali moja ya wilaya. Zahanati inapiga picha ya mfupa au kifua, picha inakwenda kwa daktari wa picha hospitalini, jibu linarudi mgonjwa akiwa bado kwenye benchi. Mashine zenyewe ni kuukuu, za msaada, na namba za aina mpya hazizielewi. Namba za Mzee Waya zikiondoka, picha zitarudi kupanda pikipiki, siku mbili kwenda na kurudi, na mwenye mbavu zilizovunjika atasubiri na mbavu zake.

Na zinaondoka leo, saa sita mchana.

Sheria inayoziondoa inaitwa Barua Tatu. Mwenye namba akiandikiwa mara tatu asijibu, namba zinarudi kapuni na kupewa aliye mbele kwenye foleni. Miaka mitatu iliyopita mtu mmoja alisimama kwenye maikrofoni kuitetea, akasema, "Asiyejibu barua tatu huyo amekufa, na maiti hahitaji namba!" Ukumbi ulicheka mpaka watu wakafuta machozi. Mzee Waya, safu ya tatu, alipiga makofi kuliko wote, kwa sababu msemaji alikuwa binti yake.

Ndiyo, huyu huyu Bi Kanuni wetu. Jina hilo alilipata siku ile. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi siongezi neno.

"Ni Dalali," alijiambia sasa, akifunga kompyuta kwa kishindo. "Nani mwingine?"

Akashuka ngazi mbili mbili.

Dalali alikuwa mezani, anatia sukari kijiko cha nne. Kazi yake ni kuzitafutia kampuni namba, na kampuni iliyo mbele kwenye foleni ilikuwa yake. Shati safi, tabasamu safi, mtu ambaye ungempa mtoto wako akushikie ukifunga kamba za viatu.

"Umefungua sanduku la baba yangu!"

"Hata salamu, dada?"

"Barua zote tatu zimesomwa. Nimeingia humo asubuhi hii, nimeona kwa macho yangu. Umezisoma, ukahakikisha hazijibiwi!"

Watu wa meza ya pili wakaacha kutafuna. Dalali akakoroga chai yake bila haraka.

"Kaa, dada. Unawatisha wenzetu. Sasa niambie, mimi nifungue sanduku la marehemu ili iweje? Barua zikijibiwa, nakosa. Zisipojibiwa, napata. Na marehemu hajibu. Ya nini nihangaike?"

 Alichosema Dalali kilikuwa kweli tupu, na ndicho kilichomuuma Bi Kanuni.

"Watu wananiita fisi," Dalali akaendelea. "Lakini fisi hufuata mkono wa mtu akidhani utadondoka. Mimi sikufuata mkono wowote. Mkono uliukata wewe, ukauweka mezani, nami nimekuta." Akaonja chai, akaongeza sukari. "Ila umenishangaza kidogo. Unasema umeingia kwenye sanduku lake? Una nenosiri lake?"

"Ni baba yangu."

"Aa. Pole sana."

Pole hiyo, msomaji, iweke mfukoni. Tutaihitaji.

Basi kama si Dalali, ni nani? Bi Kanuni alipanda ngazi polepole, na alipofika katikati, akasimama. Kulikuwa na kompyuta nyingine moja tu duniani iliyofungua sanduku lile bila kuuliza nenosiri. Ilikuwa kompyuta ya Mzee Waya mwenyewe, na ilikuwa nyumbani, juu ya meza ya cherehani.

Akapiga simu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama? Umekula?"

"Mama, kompyuta ya baba. Huwa unaiwasha?"

Mama huyu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, alikuwa hajui kudanganya hata kidogo.

"Kila asubuhi," akasema. "Nikishafagia. Nafungua, naangalia nani kamkumbuka."

"Ulizisoma barua za Rejista?"

"Nilizisoma zote. Barua nzuri, zina heshima. 'Ndugu mpendwa', halafu jina lake lote, mpaka la babu. Mwanangu, tangu tulipomzika hakuna mtu mwingine aliyemwandikia hivyo. Wengine wote wanasema marehemu, marehemu. Nikasema, mtu anayeandikiwa barua bado yupo. Ningejibu ningesema nini? Ningelazimika kuwaambia."

Bi Kanuni alikaa chini kwenye ngazi. Alitaka kulia, na alitaka kupiga kelele, na kwa bahati mbaya akachagua kelele.

"Neno moja, mama! Wangejibiwa hata neno moja tu, leo nisingekuwa hapa kuomba kama maskini! Zahanati kumi na moja, mama! Kazi yote ya baba!"

"Neno moja?"

"Moja tu!"

"Na sasa haiwezekani tena?"

Kengele ya kikao ikalia chini. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Mama, nitakupigia," akasema, akakata.

Swali la mama likabaki linaning'inia bila jibu. Katika familia ile, kutojibu kulikuwa kama ugonjwa wa kurithi.

Ukumbi ulikuwa baridi kama duka la nyama. Watu mia moja na hamsini, vitambulisho shingoni, kompyuta wazi, nyaya za umeme zimetapakaa sakafuni. Mbele kuna maikrofoni mbili. Ya kijani ni ya anayeunga mkono, nyekundu ya anayepinga. Humu haipigwi kura. Anayepinga anasema, anajibiwa, na mwenyekiti anasubiri mpaka maikrofoni nyekundu ibaki haina mtu. Ikibaki haina mtu, watu wameafikiana, na sheria inaanza.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba. Kazi ya nyaya alifundishwa na Mzee Waya. Hilo kila mtu alilijua, na ndiyo maana alijitahidi kumtazama Bi Kanuni kama anavyomtazama mtu yeyote.

"Kuna rekebisho la dharura," akasema. "Lina mstari mmoja. Mwenyewe asome."

Bi Kanuni akasimama kwenye maikrofoni ya kijani.

"Barua iliyopelekwa kwa marehemu isihesabiwe kuwa barua."

Kwenye ukuta ikatokea picha ya cheti cha kifo. Jina la Mzee Waya, tarehe, muhuri.

"Ndugu zangu, miaka mitatu iliyopita nilisimama hapa hapa. Nilisema asiyejibu amekufa, na maiti hahitaji namba. Mlicheka, na mimi nilicheka. Leo naomba radhi. Baba yangu hakujibu kwa sababu amekufa. Na namba bado anazihitaji."

Hakuna aliyecheka.

"Swali," akasema Karani wa Rejista, kijana mwembamba aliyekaa kando na kompyuta yake. "Kwa nini hamkubadilisha jina la mwasiliani, yule anayepelekewa barua? Wewe ndiye unayetufundisha sisi."

"Ili nibadilishe, lazima nibonyeze palipoandikwa FUTA, mbele ya jina la baba yangu," akasema Bi Kanuni. "Nilifika hapo mara sita."

Mzee mmoja nyuma akapenga kamasi. Watu wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wakipanga foleni nyuma ya maikrofoni ya kijani. Fundi wa mnara akasema naunga mkono. Mwalimu wa chuo akasema naunga mkono, na mama yangu pia alikufa jina lake likiwa kwenye kila kitu. Foleni ikafika mlangoni.

Kisha Dalali akasimama kwenye nyekundu.

"Nina swali moja," akasema. "Kesho kila mvivu wa kujibu barua si ataleta maiti yake?"

Ukumbi ukanguruma. Mtu akapiga kelele, "Keti chini!" Mwenyekiti akainua mkono.

"Na alete," akasema Bi Kanuni. "Alete na cheti. Hatuombi aaminiwe kwa maneno. Cheti kikiwa cha uongo, afutwe."

"Afutwe?" Dalali akauliza. "Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo. Sheria ya taarifa ya uongo inasema hivyo."

Nayo iliandikwa na nani? Usiniulize maswali ambayo jibu lake unalo.

Dalali akatazama foleni ndefu ya kijani. Mfanyabiashara anajua soko likimkataa. "Sina pingamizi," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Nyekundu ikabaki haina mtu.

Msomaji, miezi minane tangu mazishi, Bi Kanuni alikuwa hajahisi kitu chochote kifuani zaidi ya jiwe. Sasa jiwe likasogea. Alimwona baba yake safu ya tatu. Aliona picha za vifua zikisafiri kwenye nyaya zake, leo, kesho, mwaka kesho.

"Pingamizi?" akauliza Mwenyekiti. "Mara ya kwanza."

Kimya.

"Mara ya pili."

Kiti kikasogea kando. Karani alikuwa amesimama, uso umempauka.

"Samahani, mama Mwenyekiti. Si pingamizi. Ni taarifa." Akaonyesha kompyuta yake. "Marehemu amejibu."

Kwanza watu walicheka. Kisha wakaona Karani hacheki.

"Soma," akasema Mwenyekiti.

Karani akainama kwenye kompyuta yake, akasoma:

"'Kwa Rejista. Salamu sana. Baada ya salamu, natumaini nyote hamjambo. Ama kwa upande wangu mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu mlio mbali nami. Dhumuni la barua hii ni kuomba radhi kwa kuchelewa kujibu barua zenu tatu. Nilizipata zote. Tafadhali msizichukue namba. Zinatumika. Zina wagonjwa. Wasalamu, ni mimi.' Halafu jina lake lote. Mpaka la babu."

Mimi ni mzima wa afya! Na cheti cha kifo chake kinawaka ukutani, urefu wa mtu.

 Barua ile Bi Kanuni aliijua. Aliijua kabla haijafika mstari wa pili. Ndivyo barua inavyoandikwa, anwani, salamu, afya yako, dhumuni, wasalamu. Madarasa thelathini na manne ya watoto yalifundishwa hivyo ubaoni, na yeye alikuwa mmoja wao. Barua isiyosema u mzima ilikuwa inapata sifuri. Mama hakudanganya, masikini. Aliandika barua yenye adabu, na akajibu kwa jina la aliyeandikiwa.

Neno moja, aliambiwa. Yeye alitoa yote aliyokuwa nayo.

"Mama Mwenyekiti." Dalali hakusogea hata kwenye maikrofoni, aliongea palepale alipo, kwa upole. "Sipendi kusema hili. Lakini asubuhi dada aliniambia mwenyewe, mbele ya watu, kwamba ameingia kwenye sanduku la marehemu."

Ile pole, umeitoa mfukoni?

Minong'ono ikapanda. Foleni ya kijani ikaanza kukatika, watu wakirudi vitini kimyakimya, wengine wakijifanya wanaangalia simu. Fundi wa mnara alibaki peke yake kwa muda, akaona aibu, naye akaenda.

"Kimya!" Mwenyekiti akavaa miwani. "Karani, barua imetumwa saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

"Saa hiyo Bi Kanuni alikuwa wapi?"

"Hapo hapo aliposimama. Anasoma rekebisho."

"Basi si yeye." Mwenyekiti akamgeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama kama mtoto wa mwalimu wake. "Nisikilize vizuri. Kuna mtu mwingine mwenye sanduku hili. Sheria iko wazi. Mwanachama, na sasa ni wewe uliyeshika nafasi ya baba yako, akitoa taarifa ya uongo, anafutwa, namba zinaondoka. Akiwa ni mtu wa nje, mwanachama hana kosa. Huyo wa nje anakabidhiwa polisi kwa kughushi, na rekebisho lako linapita. Zahanati zako zinabaki. Taja jina tu, mwanangu. Jina moja."

Jina moja. Asubuhi ilikuwa neno moja.

Bi Kanuni alifikiria zahanati ya sita, yenye paa linalovuja juu ya mashine. Alifikiria daktari wa picha, ambaye husema "nimeiona" kabla hujamaliza kumsalimia. Alifikiria mwenye mbavu zilizovunjika. Kisha akamwona mama yake kwenye kiti cha cherehani, miwani imeshuka puani, anatafuta herufi kwa kidole kimoja, ufagio umeegemea mlango. Askari wawili wanabisha hodi. Mama anawakaribisha ndani, anawauliza kama wamekula.

Akajichukia kwa kuwa alipima. Lakini alipima.

"Ni mimi," akasema.

"Ulikuwa hapa!"

"Niliiandika asubuhi. Nikaipanga iondoke yenyewe saa hiyo. Mashine inafanya hivyo, nyote mnajua."

Na wote walijua. Ukumbi mzima wa mafundi, hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kupanga barua iondoke yenyewe. Ulikuwa uongo wa kwanza Bi Kanuni kuutoa mbele ya maikrofoni ile, na uliaminiwa kuliko kweli zake zote.

Mwenyekiti alivua miwani. Akaikunja, akaikunjua.

"Unaijua sheria."

"Naijua."

"Karani, andika. Mwanachama amefutwa kwa taarifa ya uongo. Rekebisho limeondolewa. Namba zirudi kapuni saa sita." Akanyoosha mkono. "Bi Kanuni, kitambulisho."

Akakivua shingoni. Kamba ilinasa kwenye nywele, hakuna aliyemsaidia, akaivuta mpaka ikatoka. Akakiweka mezani, akarudi kiti cha nyuma kabisa kuchukua mkoba wake. Dalali hakutabasamu. Alikuwa anatazama saa ya ukutani, saa nne na dakika arobaini, kama mtu anayesubiri basi analojua litakuja.

Simu ya Bi Kanuni ikatetemeka. Ujumbe wa mama, mrefu, umeandikwa kwa nukta na mkato wote mahali pake.

"Mwanangu, nimejibu. Nao wamenijibu papo hapo, hata dakika haikupita: Tumepokea barua yako, asante. Kumbe ni watu wema. Najua baba yako angefurahi."

Tumepokea barua yako, asante. Ilikuwa ni mashine, msomaji. Rejista inamjibu hivyo kila anayeandika, hata akiandika matusi.

Bi Kanuni alitaka kufunga simu, akaona ujumbe una mistari miwili zaidi chini.

"Nimewaandikia tena sasa hivi, kuwashukuru. Hii ya pili nimeweka jina langu, na nimewaeleza kwamba ile ya kwanza pia niliandika mimi, maana si adabu kupokea asante kwa jina la mtu mwingine."

Akainua kichwa.

Mbele kule, Karani alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ameinama karibu na kioo cha kompyuta, anasoma taratibu, midomo inacheza. Akasoma mpaka mwisho. Akarudia.

Kisha akasimama, akamtafuta Mwenyekiti kwa macho.

"Samahani, mama," akasema. "Kuna nyingine."